Kituo cha kulala, programu ya mchana au kliniki: mnasihi mwanagenzi wa maradhi ya ulaji aanzie wapi?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya unasihi nchini Marekani hufika mahali ambapo madarasa yamekwisha kumpa yote yanayoweza kutolewa na madarasa, na kinachobaki ni kwenda kukaa na watu wenye shida halisi chini ya jicho la msimamizi. Akisema kwamba anataka kuwahudumia watu wenye maradhi ya ulaji, yaani anoreksia, bulimia, ulaji wa kupindukia na mengine ya jamii hiyo, orodha ndefu ya vituo aliyopewa na chuo hubaki na aina chache tu: wodi ya hospitali, kituo cha kulala, programu ya mchana (mteja hushinda kituoni na kurudi kulala kwake), kliniki ya miadi ya kila juma, na ofisi ya unasihi ya chuo kikuu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili aliyeko katika vyuo vya huko, awe alizaliwa Marekani au alivuka bahari na viza ya mwanafunzi. Nitasema mapema ninakoelekea: kwa mwanagenzi wa mara ya kwanza naiweka mbele programu ya mchana, ingawa zipo hali mbili ambazo ningemshauri aende kwingine.

Wodi ya hospitali tuiondoe mapema. Mgonjwa hulazwa pale kwa sababu moyo, shinikizo la damu au madini ya damu yamefika pabaya, na hata tiba yenyewe ina hatari yake, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa ukianza kulishwa tena, fosfeti, potasiamu na magnesi vinaweza kushuka ghafla kiasi cha kuua. Wanaoongoza hapo ni daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe. Mnasihi ana nafasi finyu, na sababu yake ilionekana wazi katika jaribio lililoanza mwaka 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa majuma 24 wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea badala ya kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Watu hao, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili, walianza kuwaza chakula mchana kutwa, kukusanya mapishi, kuchezea kilicho sahanini, kujitenga na kukasirika kwa jambo dogo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tabia tunazoziita za anoreksia hutokana na njaa yenyewe, na mazungumzo ya kina na akili iliyo njaani hayafiki mbali. Siku chache za kutembelea wodi humfunza mwanagenzi jambo hilo kwa macho yake. Mihula miwili humfanya mtazamaji.

Kwa vyuo vilivyoidhinishwa na CACREP, chombo cha Marekani kinachoidhinisha programu za kufundisha unasihi, hesabu ya saa inajulikana: mazoezi ya awali ya saa 100, ambazo kati yake 40 ni za kukaa na wateja moja kwa moja, kisha uanagenzi wa saa 600, ambazo 240 ni za wateja. Ukizigawa saa 600 kwa mihula miwili ya majuma 15, unapata saa 20 kwa juma, nane kati yake zikiwa za wateja. Katika kliniki ya miadi, ili upate saa nane za kweli unahitaji kuwa na wateja kumi au kumi na wawili katika daftari lako, kwa sababu mtu anayevutwa huku na huku kati ya kupona na kutopona hughairi miadi, na hughairi hasa katika juma ambalo mambo yamemwendea vibaya. Mwanagenzi mgeni hapewi wateja kumi na wawili siku ya kwanza. Katika programu ya mchana na katika kituo cha kulala vikundi hufanyika kila siku, kwa hiyo saa hujaa bila hofu, na sharti la kuongoza au kushiriki kuongoza kikundi, ambalo CACREP inalidai kwa kila mwanafunzi, hutimia lenyewe. Kliniki nyingi ndogo hazina kikundi hata kimoja. Ofisi ya chuo kikuu hujaza saa haraka kuliko zote, ila kati ya wateja wanane wa juma huenda mmoja au wawili tu wakawa na shida ya ulaji, na waliobaki wana mitihani, mapenzi na upweke. Jambo moja la kumuuliza mratibu wa chuo kabla ya kutia saini ni kama saa za kuketi mezani na wateja zinahesabiwa kuwa saa za wateja, maana vyuo havikubaliani.

Meza ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Katika kituo cha kulala na katika programu ya mchana wafanyakazi huketi na wateja na kula nao, kwa muda uliopangwa. Hakuna mazungumzo ya kalori, ya uzito wala ya nani amepungua; watu hucheza michezo ya maneno, huzungumza habari za kawaida, na mfanyakazi huangalia bila kukodoa macho ili ajue nani ameganda, nani anakata kipande kimoja mara kumi, nani machozi yanamlengalenga. Baada ya mlo hufuata kikao kifupi cha kuzungumzia kilichotokea. Anayeyajua maradhi haya kwa vitabu tu hudhani kwamba hofu ya chakula ni fikra ambayo mtu anaweza kubishana nayo akaishinda kwa hoja. Akishaketi karibu na msichana ambaye kijiko cha wali kinamtetemesha mkono, harudii kosa hilo. Katika kliniki ya miadi, kwa upande mwingine, mteja hukusimulia Alhamisi mlo wa Jumatatu, na masimulizi hayo yamekwisha kupita katika chujio la aibu.

Hapa niweke neno la pembeni kwa mwanagenzi Mwislamu wa Mombasa, Unguja au Lamu. Ikiwa muhula wako unaangukia Ramadhani, mwambie msimamizi wakati wa usaili, si siku ya kwanza ya mfungo, kwamba hutaweza kula mezani mchana. Vituo vingine vitakupangia kikao cha baada ya mlo au vikundi vya asubuhi. Vingine havitajua la kufanya, na kutojua huko nako ni habari muhimu kwako, kwa kuwa wateja Waislamu wanaopona watawauliza swali zito zaidi, la kama wafunge au wasifunge, na kituo kisichokuwa na jibu kwa mfanyakazi wake hakitakuwa nalo kwa mgonjwa.

Kama meza iko sehemu zote mbili, kwa nini basi naipendelea programu ya mchana kuliko kituo cha kulala? Kituo cha kulala kina heshima yake. Cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani, Renfrew, kilifunguliwa Philadelphia mwaka 1985, na tangu hapo nyumba za namna hiyo zimeenea. Mteja huishi humo kwa majuma, milo yote inasimamiwa, usiku una mlinzi wake, na kwa mtu ambaye nyumbani hawezi kumaliza hata mlo mmoja, kuondolewa mzigo wa kuamua ni rehema. Tatizo ni la anayejifunza kazi. Mteja hula vizuri kwa sababu jengo zima linamlazimisha kula vizuri, kisha siku ya kuondoka hupanda ndege kwenda jimbo jingine, na mwanagenzi hajui kamwe kilichotokea jioni ya kwanza mbele ya friji ya mama yake. Tena kituo cha kulala huendeshwa kwa zamu. Msimamizi wako yupo ofisini mchana, wewe umepangiwa jioni. Ukikutana na mteja aliyekataa chakula na kujifungia, aliye karibu nawe ni mfanyakazi wa zamu ambaye pengine ana miezi mitatu tu kazini. Si kila kituo kiko hivyo, lakini mwanagenzi asiyelipwa ni kishawishi kikubwa kwa mpangaji wa zamu, na nimeona ni busara kumhofia anayekusaili anapozungumza zaidi juu ya mapengo ya ratiba kuliko juu ya usimamizi.

Programu ya mchana kwa kawaida ni siku tano au zaidi kwa juma, kama saa sita kwa siku. Mteja anapoimarika hushushwa hadi programu fupi, ambayo mara nyingi ni saa tatu kwa siku, siku tatu kwa juma, na vituo vingi vinazo zote mbili chini ya paa moja. Mteja hula kifungua kinywa au chakula cha mchana pamoja nanyi, kisha anakwenda kwake, analala kwake, na kesho asubuhi anarudi na habari ya chakula cha jioni. Habari hiyo ndiyo shule. Mwanagenzi amemwona mtu yuleyule saa sita mchana akimaliza sahani, na saa tatu asubuhi ya siku inayofuata anamsikia akieleza jinsi alivyoshindwa mbele ya baba yake, na kazi ya kuunganisha picha hizo mbili ndiyo atakayoifanya maisha yake yote. Anajifunza pia siasa za bima, kwani kampuni ya bima hupiga simu kuuliza kwa nini mteja bado hajashushwa ngazi. Sheria ya mwaka 2008 inazitaka bima zinazogharamia afya ya akili zisiibane kuliko magonjwa mengine, na sheria ya mwaka 2016 ikabainisha kwamba usawa huo unagusa hata matibabu ya kulala ya maradhi ya ulaji. Ila sheria ni jambo moja na simu ya Ijumaa alasiri ni jingine, na mwanagenzi anayemsikiliza msimamizi wake akijibu simu hiyo hupata somo lisilo katika mtaala wowote.

Kliniki ya miadi ina karata moja ambayo vituo vikubwa haviwezi kuishinda, nayo ni tiba zilizopimwa vizuri. Tiba ya anoreksia ya vijana inayotegemea familia ilizaliwa katika hospitali ya Maudsley, London, na inafanywa kwa miadi: wazazi hupewa jukumu la kumlisha mtoto nyumbani, na katika kikao cha pili familia huja kliniki na chakula chake ikala mbele ya mtaalamu. Katika utafiti uliofanyika Chicago na Stanford kwa vijana 121, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya tiba asilimia 49 ya waliopata tiba ya familia walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 23 ya waliopata tiba ya mtu mmoja mmoja. Kwa watu wazima kuna tiba ya fikra na tabia iliyoendelezwa Oxford na Christopher Fairburn, yenye vikao 20 kwa majuma 20, au karibu 40 kwa mtu aliyepungua sana uzito, ambayo humtaka mteja aandike anachokula papo hapo anapokula, na hivyo kupunguza lile chujio la aibu nililolitaja. Mwanagenzi atakayepata kliniki yenye msimamizi aliyefunzwa mojawapo ya tiba hizi atatoka na ufundi wenye umbo kamili, ilhali wa kituo cha kulala mara nyingi hutoka na vipande vya mbinu nyingi.

Na mwanagenzi atambue mapema kwamba njia hizi zinapingana. Programu nyingi za Marekani humpima mteja uzito akiwa amegeuzia mizani mgongo ili asione namba. Katika tiba ya Oxford mteja na mtaalamu huitazama namba pamoja kila juma na kuichora kwenye grafu, na katika tiba ya familia huonyeshwa wazazi pia. Aliyefunzwa sehemu moja tu huamini kwamba desturi ya sehemu hiyo ndiyo maadili yenyewe. Sioni kwamba mwanagenzi ana haja ya kuchagua upande katika mwaka wake wa kwanza. Anahitaji msimamizi anayeweza kueleza kwa nini kituo chake kinafanya hivyo, na anayejua kwamba wengine hufanya vinginevyo.

Hapa ndipo hali ya kwanza kati ya zile mbili inapoingia. Ikiwa unakusudia kurudi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, au kuhudumia familia za Waafrika Mashariki huko huko ughaibuni, tafuta kliniki ya tiba ya familia hata kama saa zake zitajaa polepole. Kenya imekuwa na sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, kwa hiyo anayerudi na mafunzo rasmi anaingia katika taaluma inayotambuliwa. Lakini atakachofanyia kazi kwa sehemu kubwa kitakuwa sebule ya watu, si jengo lenye vitanda na zamu za usiku. Sebule hiyo ina mambo yake. Familia inayokula sinia moja haiwezi kujua binti amekula kiasi gani, kwa kuwa sinia huisha, na mkono unaoingia na kutoka unaonekana unakula. Mwenye neno la mwisho juu ya chakula huenda asiwe mama bali bibi au shangazi, na mtaalamu aliyezoea kuandika majina mawili ya wazazi kwenye fomu itambidi aulize nani hasa hupakua. Mgeni akiingia atasema “umenawiri, umejaa”, kwa nia njema kabisa, kwa msichana ambaye ameongezeka uzito kwa machozi, na neno hilo moja laweza kumgharimu milo miwili. Tena kwa kizazi kilichoiona miaka ya mwanzo ya ukimwi, ambapo Uganda ugonjwa ule uliitwa kwa jina la wembamba, mwili uliokonda kwanza ni habari ya maradhi mengine. Mzazi ataomba vipimo vya damu mara tatu kabla ya kukubali kusikia neno anoreksia, na ni vema avipate, kwa sababu vipimo vinahitajika hata hivyo. Hakuna kituo cha kulala kitakachokufundisha kuongoza mazungumzo hayo. Kliniki inayowaita wazazi kila juma itakupa angalau umbo lake, na mtaalamu wa lishe asiyejua ugali na maharage huwekwaje katika mpango wa milo atakushukuru ukimweleza.

Hali ya pili ni ya ndani zaidi. Wengi wanaovutiwa na kazi hii wamewahi kuumwa wenyewe, au wamemuuguza dada, na hilo si aibu wala si kizuizi. Lakini meza ya programu ya mchana hukuweka mara kadhaa kwa juma mbele ya chakula ambacho hukukichagua, ukiangaliwa na watu wenye macho makali kuliko ya mtu yeyote juu ya jinsi unavyokula. Aliyepona na kukaa sawa kwa miaka huenda akaona meza hiyo ni mahali pa kutoa alichokipokea. Ambaye bado ana siku mbaya ningemwelekeza kwenye ofisi ya unasihi ya chuo kikuu kwa muhula wa kwanza: atakutana zaidi na bulimia na ulaji wa kupindukia, ambao ulipewa nafasi yake kamili katika mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili mwaka 2013, atajifunza kutumia dodoso fupi la SCOFF lenye maswali matano ya kubaini dalili za maradhi ya ulaji, atajifunza kumpeleka mteja kwa daktari bila kuchelewa, na hataketi mezani na mtu. Anachokosa hapo ni kina, kwa kuwa vikao huwa vichache na mteja mzito hupelekwa kwingine.

Programu za mchana zinazoendeshwa kwa njia ya video zimeongezeka tangu mwaka 2020, nazo zinamvutia anayeishi mbali na miji. Kwa mteja aliye mbali ni msaada wa kweli. Kwa mwanagenzi wa kwanza sizipendekezi: kamera huonyesha uso na ukingo wa sahani, na mteja akiamka na kuondoka huna mlango wa kubisha.

Kwa mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kuna hesabu nyingine juu ya zote. Uanagenzi nje ya chuo unahitaji idhini ya CPT, yaani ruhusa ya mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo, kutoka kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na idhini hutolewa kwa kituo fulani na tarehe fulani, kwa hiyo kuhama kituo katikati ya muhula si jambo la kuzungumza na msimamizi peke yake. Saa 20 kwa juma au pungufu huhesabiwa kuwa za muda nusu. Zaidi ya hapo ni muda kamili, na miezi 12 ya muda kamili hukufutia haki ya OPT, yaani mwaka wa kufanya kazi baada ya kuhitimu. Kliniki na ofisi ya chuo hukaa ndani ya saa 20 kwa urahisi. Kituo cha kulala hupenda wanagenzi wa saa 24 au 30, na ingawa mihula miwili haifikishi miezi 12, anayeongeza mazoezi ya awali na kiangazi katika kituo hicho hicho anaikaribia bila kujua. Hata kama hulipwi, muulize ofisa huyo kwanza. Bima ya dhima ya kitaaluma nayo unapaswa kuwa nayo popote utakapokwenda.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza kama kituo kinaruhusu vikao kurekodiwa, kwa sababu chuo chako kitataka kukusikia au kukuona ukifanya kazi, na vituo vingi vya kulala hukataa. Ikiwa hakiruhusu, msimamizi lazima awe tayari kuketi nawe kikaoni. Uliza saa yako moja ya usimamizi kwa juma imewekwa siku gani na huahirishwa mara ngapi. Kisha omba kuonyeshwa chumba cha kulia wakati hakuna wateja, uulize kiti cha mwanagenzi ni kipi, anayeketi karibu naye ni nani, na mlo ukiisha mtu huyo huenda wapi.